Maji Yasilale: Kupanga Mkondo wa Matumbawe Tangini Ukiwa Dodoma

Mgeni akiingia sebuleni kwangu hapa Ipagala hutazama samaki dakika mbili, kisha huuliza kuhusu zile pampu: mbona zinazunguka mchana na usiku, luku inatosha kweli? Namjibu kwamba samaki ana miguu yake, yaani mapezi. Akikosa hewa chini, anapanda juu. Tumbawe limeshikamana na jiwe. Chakula, hewa na madini ya kujengea mifupa yake vyote lazima viletwe na maji, na ute na uchafu wake lazima uchukuliwe na maji hayohayo. Maji yakisimama, tumbawe linakaa kwenye choo chake lenyewe.

Ninayemwandikia hapa ni mtu mwenye tangi la maji chumvi, au anayekaribia kulijaza, na anayekaa mbali na bahari kama sisi. Nitazungumzia mkondo tu. Taa na vipimo vya maji vitasubiri siku nyingine.

Kabla ya pampu, kuna suala la mahali pa kupata vipande. Usiende kuvunja matumbawe ukiwa matembezini Mafia au Bagamoyo ukayafunga kwenye dumu. Matumbawe yote ya mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunadai vibali, na miamba yetu imekwisha kuteswa vya kutosha na baruti. Tafuta vipande vilivyooteshwa matangini, ukapite ofisi ya uvuvi kuuliza kabla hujalipa hela ya mtu.

Bahari inavyoyapepea

Aliyekulia pwani anajua kwamba maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Kwa saa sita hivi mkondo unaelekea huku, kisha unageuka. Siku za bamvua unakimbia, siku za maji mafu unajikokota. Juu yake kuna mawimbi yanayoyumba huku na huko, na juu ya mawimbi kuna kusi au kaskazi. Tumbawe la kwenye mwamba halipigwi na maji upande mmoja kwa nguvu ileile siku nzima. Ukilikumbuka hilo utaelewa nusu ya mambo nitakayosema.

Nusu ya pili ni ndogo kiasi kwamba haionekani kwa macho. Juu ya ngozi ya tumbawe kuna utando mwembamba wa maji ulioganda, hata pale ambapo maji ya juu yake yanakimbia. Ni kama joto linalokung'ang'ania mwilini mwezi wa Novemba ndani ya chumba kisicho na feni: hewa ipo, lakini ile iliyokugusa haiondoki. Oksijeni na madini hupenya utando huo polepole sana. Mkondo ukiongezeka, utando unakuwa mwembamba, na tumbawe linapumua. Mchana vijimea vinavyoishi ndani ya nyama yake hutengeneza oksijeni nyingi kupita mahitaji, nayo inatakiwa itoke. Usiku tumbawe na vijimea vyake wote wanavuta oksijeni, nayo inatakiwa iingie. Baada ya joto la mwaka 1998 lililopausha matumbawe mengi, ya kwetu yakiwemo, watafiti nchini Japani walionyesha kwamba pale mkondo ulipokuwa mzuri matumbawe yalistahimili zaidi.

Sasa ongeza Dodoma. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo maji ya tangi langu, kwa joto lilelile na chumvi ileile, yanaweza kubeba oksijeni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ya tangi la Tanga. Mitandaoni utasoma ushauri wa watu wanaokaa usawa wa bahari. Kwao kuchezesha uso wa maji ni jambo zuri. Kwetu ni lazima.

Hatua ya 1: Mawe kwanza

Nilipoanza nilipanga mawe yakapendeza kweli: ukuta mzima umeegemea kioo cha nyuma, umejaa mpaka pembeni. Baba mkwe wangu, mkulima wa zabibu Hombolo, alikuja kututembelea. Baada ya shikamoo na marahaba alisimama mbele ya tangi muda mrefu. Akaniambia, "Mwanangu, mzabibu ukiuacha majani yafumane upepo haupiti, na ukungu unaingia. Haya mawe umeyapanga kama ukuta wa tembe. Maji yatapita wapi?"

Nilicheka. Baada ya wiki nane nyuma ya ukuta ule kulikuwa na tope la kinyesi cha samaki lenye kina cha kidole, na utando mwekundu unaoteleza umeanza kupanda mawe. Nikabomoa.

Kwa hiyo: acha nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kati ya mawe na vioo vyote, hata cha nyuma. Jenga visiwa viwili au vitatu badala ya ukuta mmoja. Jiwe la chini lisilale bapa kwenye mchanga; lisimame kwa vituo vitatu kama sufuria juu ya mafiga, maji yapite chini yake. Pitisha mkono katikati ya mawe. Mahali ambapo vidole vyako vitatu havipiti, hata mkondo utapita kwa shida. Mchanga uwe wa punje za milimita 1 hadi 2. Ule laini kama unga unapendeza picha za siku ya kwanza, ukishawasha pampu unageuka dhoruba.

Hatua ya 2: Hesabu ya kweli

Tangi langu lilitengenezwa na fundi vioo wa hapahapa mjini: urefu sentimita 90, upana 45, kimo 45. Kwa karatasi ni lita 182. Lakini sijalijaza mpaka mdomoni, na mawe na mchanga vimekula nafasi, hivyo maji halisi ni kama lita 140. Njia ya uhakika ni kuhesabu ndoo wakati wa kujaza. Andika kwenye daftari, hutapata nafasi hiyo tena.

Wafugaji wa matumbawe hupima mkondo kwa kugawa jumla ya lita zinazosukumwa na pampu zote kwa saa kwa ujazo wa maji. Matumbawe laini, kama vile Zoanthus na yale ya uyoga, yanaridhika na mara 10 hadi 20. Yenye nyama nene na mikono mirefu, kama Euphyllia, mara 15 hadi 30. Ya matawi membamba, Acropora na wenzake, mara 40 na kuendelea. Hizi ni namba za kuanzia. Nimeona tangi la mara 50 lenye kona iliyooza, na tangi la mara 20 lenye afya tele, kwa sababu la pili maji yake yalikuwa yanafika kila mahali.

Tena usiiamini namba ya kwenye boksi. Kwa pampu inayorudisha maji kutoka tangi la chini, lile dogo la kuchujia linalokaa chini ya tangi kuu, namba ile imepimwa bila bomba la kupanda wala kona. Pima mwenyewe: elekeza mdomo wa bomba kwenye ndoo ya lita 20 iliyoshikwa kwenye kimo kilekile cha tangi, washa saa ya simu, na hesabu sekunde mpaka ijae. Gawa 72,000 kwa sekunde ulizopata. Jibu ni lita kwa saa. Yangu iliandikwa lita 2,000. Ilijaza ndoo kwa sekunde 72. Yaani lita 1,000. Nusu nzima imeishia kwenye kimo na elbo mbili. (Na ndoo zetu nazo si za kuaminika sana, ipime kwanza kwa chupa ya lita moja na nusu.)

Hatua ya 3: Kuchagua pampu

Mbili ndogo kuliko moja kubwa. Moja ikiharibika usiku, ya pili inabeba mpaka asubuhi, na zaidi ya hapo, mikondo miwili ikigongana ndipo yanapatikana maji yanayovurugika yenyewe, ambayo pampu moja haiwezi kuyatoa. Chagua zile zenye mapanga mapana kama feni, zinazosukuma maji mengi kwa upole. Zile za mdomo mwembamba hutoa mchirizi kama wa mpira wa kumwagilia bustani, na mchirizi huo ukilenga tumbawe unachubua nyama mpaka mfupa mweupe ubaki.

Kwa lita zangu 140 nina mbili za lita 2,000 kila moja, pamoja na ile ya kurudisha. Jumla 5,000, yaani kama mara 35. Kwa mchanganyiko wa Euphyllia chini na matawi machache juu, zinatosha.

Ukiweza, nunua zinazotumia umeme wa betri kupitia adapta, zenye kitufe cha kupunguza kasi. Sababu utaiona tukifika kwenye umeme kukatika. Na kila pampu iwe na kichungi mdomoni, hasa kama una anemoni, mnyama laini wa baharini mwenye mikono inayochoma, anayependa kutembea. Anemoni akinyonywa na pampu, tangi zima linageuka mchuzi.

Hatua ya 4: Mahali pa kuziweka

Hapa ndipo watu wengi wanaharakisha, nami nakuomba utumie jioni nzima.

Anza na tangi lenye mawe na maji, bila tumbawe hata moja. Weka pampu moja kioo cha kushoto na ya pili kioo cha kulia, katika theluthi ya juu ya maji. Usizielekeze zitazamane moja kwa moja. Zigeuze zote kidogo kuelekea kioo cha mbele, ili mikondo yake ikutane karibu na katikati ya kioo hicho. Maji yakigonga kioo na kugongana yenyewe hukosa pa kwenda, yanashuka chini, yanarudi nyuma kwa kupitia mawe, na yanafika mahali ambapo pampu yenyewe haioni.

Kisha inua uso wa mojawapo kidogo, mpaka uso wa maji uanze kukunjamana. Unataka mikunjo inayometameta chini ya taa, isiyo na povu wala kurusha matone. Kama uso umetulia kiasi cha kujiona sura yako, hewa haibadilishwi. Kama pampu inatoa sauti ya mtu anayemalizia soda kwa mrija, iko juu mno na inanyonya hewa; ishushe sentimita 2.

Mdomo wa pampu ya kurudisha uutumie kwa kona iliyosalia, mara nyingi ile ya nyuma. Toboa tundu dogo kwenye bomba lake, chini tu ya usawa wa maji, umeme ukikatika tundu livute hewa na maji yasirudi yote chini yakafurika sebuleni. Waya wa kila pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, tone la maji chumvi lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Mambo haya mawili hayahusu matumbawe, yanahusu nyumba yako.

Hatua ya 5: Uzi na kijiti cha mshikaki

Kifaa ninachokitegemea kuliko vyote hakinunuliwi dukani kwa wauza samaki. Chukua kijiti cha mshikaki, kipya, kisichopita kwenye mafuta. Funga kwenye ncha yake uzi wa kufumia wenye urefu wa sentimita 5, ukiwa umeuchambua upande mmoja uwe kama manyoya. Zamisha taratibu sehemu moja baada ya nyingine: juu ya kila jiwe, katikati, nyuma, kwenye kila kona, sentimita 2 juu ya mchanga. Kila mahali subiri sekunde kumi.

Uzi ukining'inia wima kama umechoka, maji yamelala pale. Ukielekea upande mmoja umenyooka kama bendera siku ya upepo, ni mkondo mkali wa njia moja. Ukicheza huku na huko, unaegemea, unarudi, unazunguka, ndiyo hali unayoitafuta kwa matumbawe karibu yote.

Chora tangi kwenye daftari likitazamwa kutoka juu, kisha jingine likitazamwa kutoka mbele, ujaze herufi: L kwa maji yaliyolala, P kwa mkondo wa pole, W kwa wastani, K kwa mkali. Ramani yangu ya kwanza ilikuwa na L saba. Niligeuza pampu ya kulia kiasi cha upana wa kidole gumba, zikabaki tatu. Nikasogeza jiwe moja, ikabaki moja, nyuma kabisa, ambako hakuna atakayeishi. Ile nainyonya kwa mpira kila ninapobadilisha maji.

Ukitaka kujua kasi, saga chembe chache za chakula cha samaki, ziachie ndani ya maji, na uhesabu muda zinaotumia kuvuka sentimita 30 zilizopimwa kwa rula juu ya kioo. Sekunde tatu ni sentimita 10 kwa sekunde, kasi ambayo Euphyllia zangu huipenda. Kwa matawi ya juu mimi hutafuta kama maradufu ya hapo. Rudia mara tano, maana maji yanayovurugika hayatoi jibu moja.

Hatua ya 6: Kuyapandikiza

Fuata ramani, usifuate rangi. K na W za juu ni za matawi. W na P za katikati ni za nyama nene. Uyoga na Zoanthus wawekwe P, chini. Lile tumbawe bapa la nyama, linalokaa juu ya mchanga, liwe P vilevile, lakini siyo ndani ya shimo ambamo uchafu unatua.

Hakuna tumbawe la kukaa karibu kuliko sentimita 15 mbele ya pampu, hata kama muuzaji amekuambia linapenda mkondo mkali. Mkali maana yake maji mengi yanayoyumba, hakumaanishi kumwagiwa usoni.

Angalia pia nani yuko chini ya mkondo wa nani. Euphyllia usiku hurefusha mikono ya kuchomea majirani, na mkondo wa njia moja huipeleka mbali zaidi. Matumbawe laini, hasa Sarcophyton, hutoa kemikali ndani ya maji. Usiyapande juu ya mkondo unaoelekea moja kwa moja kwenye matawi.

Gundi kipande kwa muda tu, kwa sababu utakihamisha. Nimekihamisha kimoja mara nne.

Hatua ya 7: Kupwa na kujaa kwa taima

Kama pampu zako hazina programu yake, taima mbili za kawaida za soketi zinatosha. Pampu ya kushoto iwe na zamu ya nguvu kwa saa sita, kisha ya kulia. Wengine hubadilishana kila baada ya dakika chache. Si vibaya, ila pampu za bei nafuu huchoka haraka kwa kuwashwa na kuzimwa. Wapo wanaopunguza mkondo usiku ili tangi "lilale". Sikubaliani nao. Usiku ndipo oksijeni inapokuwa chini kabisa, na kwa mwinuko wetu hatuna ya kuchezea.

Wakati wa kulisha, zima pampu za mkondo dakika 10, chakula kitue juu ya polipu, yaani vile vinywa vidogo vyenye mikono ambavyo tumbawe hulia navyo. Na hapa nina kesi yangu mwenyewe. Siku moja mchana nilizima ili nilishe, simu ikaita, kuna msiba kwa jirani. Niliondoka kama nilivyo. Niliporudi saa tatu usiku samaki walikuwa wanahema juu ya maji, na Euphyllia mbili zilikuwa zimeanza kuyeyuka. Siku ya tatu yakabaki mafuvu. Tangu siku hiyo simu inalia kengele kabla sijagusa soketi, kisha ndipo nazima.

Kuyasoma

Ukishapanda, usiguse chochote kwa siku saba. Tumbawe jipya hujikunja hata mkondo ukiwa sahihi. Baada ya wiki, kaa mbele ya tangi na chai yako, utazame.

Mikono ya Euphyllia inatakiwa kuyumba kama mtama shambani upepo unapobadilika. Ikilala yote upande mmoja siku nzima, mkondo ni wa njia moja: geuza pampu, usipunguze nguvu kwanza. Nyama ikijikusanya upande wa nyuma na ncha za mfupa zikaanza kuonekana mbele, hapo umezidisha, hamisha leo. Polipu za matawi zikikataa kutoka mchana na usiku, mkondo ni mmoja wa washukiwa, lakini chunguza pia kama kuna samaki anayezidonoa na kama chumvi imepanda. Usiihukumu pampu peke yake.

Mkondo ukipungua dalili huja polepole, ndiyo maana zinadanganya. Vumbi la kahawia linakaa juu ya nyama na halipeperuki. Ute unaning'inia kama utando wa buibui. Matawi ya ndani ya kichaka yanapauka kuanzia shinani wakati ya nje yana rangi nzuri. Utando mwekundu unaanzia kona ileile kila mwezi. Kona hiyo ipime kwa uzi kabla hujanunua dawa yoyote.

Sarcophyton ina vituko vyake. Hujifunga siku kadhaa, inang'aa kama imepakwa nta, na mwenye nayo anaanza kulia. Inajivua gamba tu. Iongezee mkondo kidogo, gamba liondoke. Xenia, tumbawe laini jingine, kwa upande wake hufungua na kufunga polipu zake kama inapiga makofi, na kwa kufanya hivyo inajikorogea maji yenyewe; watu huwekea mkondo mkali kitu ambacho kimekuja na feni yake.

Ukibadilisha, badilisha kitu kimoja, kisha subiri wiki.

Mambo ya Dodoma

Ukame wa hewa yetu, kuanzia Mei mpaka mvua zinapoanza Desemba, unanyonya maji ya tangi kwa kasi ambayo mtu wa Dar hataiamini, na mkondo unaokunjakunja uso unauongeza kasi. Maji yanayopaa yanaacha chumvi ndani. Jazia maji matamu kila siku, yaliyochujwa kwa mashine ya RO (ile inayosukuma maji kupitia utando ili madini yabaki nyuma), kamwe usijazie ya chumvi. Maji ya visima vyetu ni magumu. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako. Weka alama kwa kalamu kwenye chumba cha pampu ya kurudisha: maji yakishuka chini ya alama, pampu itaanza kuvuta hewa na tangi litajaa mapovu madogo kama soda.

Ukame huohuo una faida. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hupoza vizuri sana huku, kwa sababu hewa kavu inachukua mvuke upesi. Oktoba na Novemba nalishusha tangi kutoka nyuzi 29 hadi 26 kwa feni pekee. Maji yenye joto yana oksijeni kidogo, kwa hiyo miezi hiyo feni na mikunjo ya uso wa maji vinafanya kazi moja.

Vumbi nalo. Upepo wa Agosti unaingia hata dirisha likifungwa, unatanda juu ya maji kama utando wa maziwa na kuziba hewa. Wavu wa plastiki juu ya tangi unazuia mengi, na mdomo wa bomba ulioinuliwa juu unavunja utando uliobaki.

Umeme ukikatika, taa si tatizo, hata siku mbili. Mkondo ndio tatizo. Nina betri la sola la volti 12, Ah 100. Nikitumia nusu tu ya nguvu yake, nisiliue mapema, napata kama Wh 600. Pampu moja na inveta yenyewe vikila wati 20, hiyo ni saa 30. Inveta iwe ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme kama wa ukutani; zile za bei ya chini huzifanya pampu za umeme wa kawaida zingurume na kupata moto. Pampu ya volti 12 unaweza kuiunga bila inveta kabisa. Asiye na betri awe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri za tochi, kokoto lake la kutolea mapovu likae chini kabisa karibu na mawe. Asiye na hiyo achote maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, kila baada ya dakika chache, akipokezana na watoto. Nimeshafanya mpaka alfajiri.

Siki

Kila baada ya miezi miwili au mitatu pampu zako zitakuwa zimedhoofika bila wewe kugundua. Chokaa hujijenga kwenye rota na ndani ya tundu lake, na mwani wa waridi unaota kwenye mapanga. Chomoa kwenye umeme, fungua, toa rota yenye sumaku, loweka vyote katika siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa kwa saa moja, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Safisha moja leo na nyingine wiki ijayo, tangi lisibaki bila mkondo.

Baada ya kusafisha, rudia ndoo na rudia uzi. Mwezi wa Februari pampu yangu ya kurudisha ilikuwa imefika sekunde 95 kwa ndoo. Nilipoifungua nikakuta chokaa, na konokono mdogo aliyekuwa hai bado, amekaa mlangoni kama mlinzi. Nikamrudisha majini, pampu ikarudi sekunde 74. Lakini uzi ulipofika nyuma ya kisiwa cha kulia ulining'inia wima, mahali palipoandikwa W kwenye ramani ya mwaka jana: Montipora iliyokuwa na ukubwa wa sarafu sasa ilikuwa sahani, imeziba njia. Nilisogeza pampu ya kulia sentimita 8 juu, nikafuta ile W kwa kifutio, nikaanza ramani mpya.